Masaa Manne ya Kumngoja Kapinga

Dokta Mwamba alinipigia simu saa nne ya asubuhi, siku ya Jumanne, akaniuliza jambo moja tu. Mgonjwa wa kichwa alikuwa amefika. Kapinga alikuwa mgodini Kinsevere na angerudi saa nane. "Papa Kalenga, tumungoje, ao utafanya weye?" Jibu lilikuwa rahisi. Mgonjwa alikuwa ameketi kwenye benchi na thermos yake ya chai, hana haraka na mtu. Orodha ya siku haikuwa na jina lingine. Ilikuwa ni kungoja masaa manne. Nikasema, "Nitafanya miye, Dokta."

Ninyi vijana wa chumba cha picha mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Cheo kilinijia kwa sababu walionitangulia walichoka, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya Mzee Saleh aliyenifundisha, na juu ya Kapinga aliyenipita, ambaye leo anawafundisha ninyi. Wote wawili niliwakosea kwa sentensi ile moja ya simu.

Nilifika kliniki nikiwa na cheti cha sekondari na shati moja la kutokea. Nilichukuliwa kubeba kaseti za filamu kutoka chumba cha eksirei hadi chumba cha giza. Siku ya kwanza nilifungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha. Mwanga ukaingia pamoja nami, filamu sita zikawa nyeusi palepale. Ndani alisimama mtu mrefu mwenye vidole virefu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye Mzee Saleh, mtu wa familia za Maniema, mtoto wa fundi cherehani. Vidole vyake vilinuka dawa ya filamu hata siku ya Idi. Nilingoja kofi.

"Jina yako?"

"Kalenga."

"Kalenga mwenye kufungua milango," alisema. Akanipa kipande cha plasta ya kidonda na kalamu. "Andika jina yako. Bandika pa filme. Tundika pale."

Pale palikuwa na msumari mkubwa, kando ya mlango wa kutokea. Kila picha iliyoharibika ilitundikwa pale na jina la aliyeiharibu, ikakaa mpaka Jumamosi. Wagonjwa waliiona, madaktari waliiona, hata wauza maandazi waliochungulia mlangoni waliiona. Jumamosi mwenye picha aliishusha mwenyewe na kueleza mbele ya wenzake kilichotokea. Mzee Saleh alitundika zake pia. Mara moja alitundika nyonga ya mama mmoja iliyopigwa pamoja na rundo la funguo, kwa sababu alisahau kumwambia avue kitambaa alichozifungia kiunoni. Ilining'inia siku tano, na kila aliyepita aliuliza kama mama yule amezaliwa na kufuli.

Nilimwuliza kwa nini tujiaibishe hivyo. Alinijibu bila kugeuka, "Picha mubaya yenye iko pa musumari, kila muntu anaijua, haiumize muntu. Ile yenye umeficha mu bahasha ya Dokta, ile njo ya kuogopa."

Yeye ndiye aliyenifundisha mishipa. Wakati ule tulipiga picha za figo, ambazo zinahitaji dawa kuingizwa mkononi kwa sindano. Wenzetu wa wodi waliupigapiga mkono wa mgonjwa mpaka ukawa mwekundu. Mzee Saleh alileta beseni la maji ya moto, akauweka mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akaufunika kwa taulo, akaketi. Hakufanya lolote. Alizungumza na mgonjwa habari za watoto. Baada ya muda mishipa ilitoka yenyewe, minene kama kamba. Mimi niliona ni kupoteza wakati, na uso wangu ulisema hivyo.

"Kalenga," aliniambia, "weye unajua kila kintu. Kungoja tu njo haujue."

Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikusikia akinisifu. Nilipomletea picha safi ya mapafu, kila ubavu unahesabika, aliiinua kwenye mwanga, akasema, "Itatumika." Nilipopiga picha ya fuvu la mtoto aliyekuwa akipiga mateke, nikapata picha moja bila kurudia, alisema, "Itatumika." Mnaweza kucheka. Lakini mimi nilikuwa nangoja neno lingine, na nililingoja mpaka siku aliyostaafu, akaenda kukaa kwenye nyumba aliyojijengea mtaani Ruashi. Siku ile alinipa mkono, akanikumbusha kufunga mlango wa chumba cha giza.

Baadaye ikaja mashine ya sumaku, tunayoiita IRM. Ilikuwa imetumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Siku ya kwanza ilimnyang'anya mlinzi funguo zake kutoka mfukoni na kuzibana ukutani mwake. Mlinzi alilala kwa shemeji yake. Nilijifunza mashine ile peke yangu, kwa kitabu cha Kifaransa na kwa kuuliza. Nilikuwa wa kwanza kuigusa. Kwa muda fulani, mtu akisema "IRM" pale kliniki, alimaanisha mimi, na nilipenda hivyo kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha Dokta Mwamba alirudi kutoka masomoni na jambo jipya. Alitaka tupige picha za damu inavyopita ndani ya uvimbe wa ubongo. Nitaeleza kama alivyonieleza. Mgonjwa ametolewa uvimbe kichwani, kisha amechomwa kwa mionzi. Miezi inapita, doa linang'aa mahali palepale. Picha ya kawaida haikuambii doa hilo ni nini. Linaweza kuwa kovu la mionzi, nyama iliyokufa. Linaweza kuwa uvimbe umerudi. Tofauti yake ni damu. Uvimbe ulio hai unajichimbia mishipa yake, kama wachimbaji wa mashimo wanavyochimba chini ya kiwanja cha mtu bila kumwuliza, nao unakunywa damu nyingi. Kovu halinywi.

Ili kuona hayo, unaingiza dawa kwenye mshipa wa mkono kwa kasi, huku mashine ikipiga picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde moja na kitu. Dawa ikipita, picha inafifia, kisha inarudi. Kompyuta inachora mstari unaoshuka na kupanda. Ukishuka sana, pana damu nyingi. Lakini dawa lazima ifike yote pamoja, kama lori moja linalopita mbele ya dirisha. Ikifika kama msururu wa baiskeli za makaa, moja leo moja kesho, mstari unakuwa bapa, na uvimbe ulio hai unaweza kuonekana kama kovu.

Kuna pampu ya kufanya kazi hiyo. Ya kwetu ilikufa mapema. Nilijaribu kwa mkono, na mistari yangu ilikuwa na umbo la sahani. Ndipo Kapinga akaja.

Alikuwa amemaliza chuo, binti wa watu wa Kasai, baba yake anauza vipuri mtaani Katuba. Aliimba kwaya. Wiki ya kwanza nilimkuta kwenye sinki na sindano mbili kubwa zilizounganishwa kwa robine ya njia tatu, kibomba cha kugeuza, anasukuma maji ndani ya glasi, mguu unapiga sakafu.

"Unaimba ao unatumika kazi?" nilimwuliza.

"Yote mbili, Papa Kalenga. Sindano ya kwanza, mapigo ine. Nageuza robine. Sindano ya pili, ya maji ya chumvi, mapigo ine. Nikikosa mapigo, naanza tena."

Alimwaga maji siku tatu. Siku ya nne alimdunga mgonjwa wa kwanza, kwa kateta ya kijani, ule mrija mnene wa sindano, kwenye mkunjo wa kiwiko. Mstari ulishuka na kupanda kama ncha ya kisu. Dokta Mwamba aliita watu waje kuuona. Nami nilikuja kuuona.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutazama uvimbe, alitazama mshipa mkubwa wa ubongo ambao tunajua damu inapita vizuri, akachora mstari wake kwanza. Mshipa huo ulikuwa shahidi wa sindano. Mstari wake ukiwa mwembamba, dawa imefika pamoja, na unaweza kuamini yanayofuata. Ukiwa mpana, umedunga vibaya, na chochote utakachosema juu ya uvimbe ni kubahatisha. Hapo Kapinga aliandika juu ya karatasi neno moja, "Rudia", akampangia mgonjwa siku nyingine. Siku moja aliniuliza msumari wa kando ya mlango ni wa nini, maana filamu zilikuwa zimekwisha na ulikuwa umebaki mtupu. Nilimweleza. Kesho yake nilikuta karatasi ya "Rudia" imetundikwa pale, na plasta yenye jina lake.

Mtu mwema angefurahi. Mimi niliona amechukua hata msumari wetu.

Mzee Saleh alikuwa na desturi ya kuja kutusalimia, akiketi kwenye benchi na thermos yake. Siku moja alisimama nyuma ya kioo, akamtazama Kapinga anavyofanya kazi. Kapinga alikuwa ameweka mkono wa bibi mmoja kwenye beseni la maji ya moto. Sikuwa nimemfundisha, alilisoma jambo hilo mahali, au alilifikiri mwenyewe. Alingoja. Akadunga mara moja, akahesabu, akageuza robine, akahesabu. Mzee Saleh alivuta pumzi.

"Huyu mutoto iko na mukono," alisema.

Nilikuwa nimesimama kando yake na trei. Nilijifanya sikusikia. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikakaa pale mpaka mtu akagonga.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Wagonjwa walifika dirishani, nami niko palepale na koti langu jeupe, wakauliza, "Mama Kapinga iko wapi?" Dokta akipenda picha alisema, "Hii ni ya Kapinga," hata kama niliipiga mimi. Nilianza mambo madogo, ya kitoto. Nilihamishia kateta za kijani kwenye droo ya chini kabisa, nyuma ya makaratasi. Nilimpa picha za vifua za asubuhi, thelathini kwa mfululizo, achoke. Alifanya vyote, akazikuta kateta, akaniuliza kama panya wamehamia kwenye droo. Nilicheka naye. Mimi ndiye niliyeandika ratiba ya kazi, na kalamu ile ilikuwa silaha pekee iliyonibakia.

Kisha Mzee Saleh akaugua. Alianguka akitawadha, mwili ukimtetemeka. Picha ilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Watoto wake walimpeleka nje ya nchi, akapasuliwa, akachomwa kwa mionzi, akarudi anatembea na anatania. Mishipa ya mikono ndiyo iliyokuwa imekwisha, kwa sindano zote zile. Miezi ikapita. Doa likaanza kung'aa palepale. Dokta Mwamba aliandika: picha ya damu, Jumanne, saa nne. Daktari wa kupasua alikuwa amesema kwa simu kwamba kama doa ni hai, linapasuliwa sasa, likiwa dogo kama punje ya haragwe. Kama ni kovu, liachwe.

Niliona jina lile kwenye orodha siku ya Ijumaa. Siku hiyohiyo nilichukua ratiba na kuandika: Jumanne, Kapinga, Kinsevere, picha za vifua vya wafanyakazi wa mgodi, aende na gari. Jambo hilo lingeweza kufanywa Jumatano.

Kapinga aliiona. "Papa, Jumanne si kuko Muzee Saleh?"

"Miye niko."

"Mishipa yake imekufa, Papa. Nilimuona."

"Miye ni mutoto wa Muzee Saleh mu hii kazi," nilimwambia, "mbele ya weye kuzaliwa."

Alienda kutafuta koti la kujikinga na vumbi.

Hivyo tunarudi kwenye Jumanne. Dokta alikuwa kwenye hospitali nyingine, akaniuliza kwa simu, nikajibu kama mnavyojua. Nilitoka nikamkuta Mzee Saleh kwenye benchi, amevaa kofia yake nyeupe juu ya kovu.

"Mutoto iko wapi?" aliniuliza.

"Iko ku Kinsevere. Leo ni miye."

Alinitazama kidogo, kisha akacheka. "Aya. Nilikufundisha miye mwenyewe. Nikilalamika, nalalamikia mikono yangu."

Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Jenereta ilibeba mashine tu, hivyo birika la umeme halikuwa na moto. Mama wa usafi alikuwa akiwasha jiko la makaa nyuma ya jengo. Nilimpa sufuria ya maji. Wakati huo simu yangu ikalia. Kapinga alipiga kelele juu ya mlio wa gari.

"Papa! Bantu ba huku baliamuka mapema, tumesha kumaliza. Tuko mu njia. Muningojee na Muzee, nitamufanya miye!"

Nilikata simu. Sasa hayakuwa tena masaa manne, labda mawili. Mtu mwingine angefungua kitabu, akangoja. Mimi niliingia haraka chumbani, nikamlaza mwalimu wangu, nikafunga mpira juu ya kiwiko chake.

"Maji ya moto, Kalenga," alisema.

"Iko inakuja, Muzee."

Sikungoja. Kateta ya kijani ilipasua mshipa. Nikajaribu ya pinki kwenye mkono wa pili, mshipa ukavimba na kuwa buluu chini ya ngozi. Nikachukua ya buluu, ile nyembamba, nikaiingiza nyuma ya kiganja.

Aliinua kichwa akaiona. "Kalenga. Ile ni ya batoto."

"Itatumika," nilisema. Neno lake mwenyewe.

Nilimsukuma ndani ya mashine. Nilisukuma sindano kwa vidole gumba vyote viwili na haikutaka. Ilikuwa kama kupitisha uji kwenye mrija. Kapinga angemaliza dawa kwa mapigo manne. Mimi nilihesabu mpaka kumi na moja. Jasho lilinidondokea kwenye robine.

Nilikaa kwenye kompyuta, nikachora mstari wa mshipa mkubwa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejifunza kuanza pale. Ulikuwa mpana, bapa, sahani. Nataka mlijue hili vizuri, maana watu wengine wamekuwa wakarimu wakasema labda Papa Kalenga hakuelewa. Nilielewa. Kalamu ilikuwa mkononi. Kilichobaki ni kuandika "Rudia", kubandika plasta yenye jina langu, na kutundika. Lakini anayerudia angekuwa Kapinga. Angeingia na vumbi la Kinsevere kwenye nywele, angeshusha karatasi yangu msumarini, angeleta beseni, angepiga mguu sakafuni, na mbele ya Mzee Saleh angefanya vizuri kile nilichoshindwa. Niliuona mkono wake kabla haujafika. Nikafuta mstari wa mshipa kwenye ukurasa. Nilichapisha ramani ya rangi na mstari wa doa peke yake. Doa lilikuwa la buluu, rangi ya damu kidogo.

Dokta aliingia saa sita. Aliinua karatasi. "Mushipa mukubwa ulitoka muzuri?"

"Muzuri, Dokta."

Aliandika: kovu la mionzi. Alitoka akamwambia Mzee Saleh kwenye benchi. Mzee alifumba macho, akasema Alhamdulillahi, mara tatu. Kisha akasimama, akaweka mkono begani kwangu, mkono ule wenye plasta nyuma ya kiganja.

"Kalenga," alisema, "leo umekuwa fundi."

Nilikuwa nimelingoja neno lile tangu mlango wa chumba cha giza. Nikasema asante.

Kapinga alifika saa sita na nusu, mwekundu kwa vumbi. Aliikuta nakala mezani. "Na mustari wa mushipa?"

"Dokta ameshasoma. Imekwisha."

Alitazama msumari, ambao ulikuwa mtupu. Alinawa mikono, akaenda nyumbani.

Miezi minne baadaye mke wa Mzee Saleh alisema mzee anaangusha kijiko. Kisha akaanza kupoteza majina: mwanzo ya majirani, baadaye ya watoto. Alipoletwa, alitembea akiburuta mguu wa kuume, na sentensi zake zilikatika katikati. Safari hii sikushika kalamu ya ratiba. Kapinga aliweka beseni, akangoja sana, akapata mshipa ambao mimi ningeapa haupo. Mstari wa mshipa mkubwa ukawa ncha ya kisu. Doa lilikuwa jekundu, na halikuwa tena punje ya haragwe. Lilikuwa limeenea mpaka mahali ambapo maneno yanakaa.

Ninyi mnajua kwamba mashine haifuti. Unaweza kuuondoa mstari kwenye karatasi, lakini picha zote zinabaki ndani. Siku iliyofuata Kapinga alifunga mlango, akaweka karatasi mbili mezani mbele yangu. Alikuwa amefungua picha zangu za Jumanne ile, akachora mstari niliouficha.

"Papa Kalenga, hii sahani, uliiona?"

"Niliiona."

"Na haukuandika Rudia."

"Apana."

"Juu ya nini?"

Nilitafuta uongo wa mwisho, sikuupata. "Juu mwenye kurudia angekuwa weye."

Nilitamani anitukane, binti wa Katuba anajua matusi. Alisema, "Kila siku nilikuwa nachora ile mistari, nasema Papa Kalenga ataiona, atasema kitu. Haukusemaka kitu." Kisha akakunja karatasi. "Utaenda kumuambia Dokta, ao niende miye?"

Nilienda mimi. Dokta Mwamba alinisikiliza amesimama. Hakunifukuza; aliniondoa kwenye IRM siku ileile, na miezi iliyonibakia kabla ya kustaafu nilipiga picha za miguu iliyovunjika. Alimpigia daktari wa kupasua. Jibu lilikuwa kwamba hapapasuliki tena. Nilimwuliza kama angepona iwapo ningeandika lile neno moja. "Siwezi kusema angepona," alisema. "Angepata muda. Na angekuwa na mulomo wa kuongea mu ule muda."

Nilienda Ruashi kumwambia mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye godoro, mkewe amemwegemeza kwa mito. Nilieleza yote, kuanzia ratiba ya Ijumaa, kama tulivyoeleza picha mbaya siku za Jumamosi. Mkewe alianza kulia katikati. Yeye alinitazama mpaka mwisho, na nilijua anaelewa, kwa sababu nilipofika kwenye kateta ya buluu alifumba macho. Alijaribu kuzungumza mara nyingi. Midomo ilifanya kazi, sauti haikuja. Mwishowe ikaja, polepole, kila neno kwa shida yake.

"Maji. Ya. Moto."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Alizikwa kabla mvua hazijaanza. Nilisimama nyuma, pamoja na watu wasiomjua sana.

Karatasi yenye sahani niliitundika mimi kwenye msumari, na plasta yenye jina langu. Kapinga aliniambia Jumamosi niishushe, kama ilivyo desturi. Nilikataa, naye ameiacha. Mnaiona kila mnapotoka, na sasa mnajua ni ya nani na ni ya nini. Nawaomba pia mjue kwamba wivu haujaniisha. Wiki iliyopita jirani yangu alirudi kutoka kliniki akimsifu mama mmoja mwenye mkono mwepesi, nami nikahisi kitu kikinikaza kifuani, kilekile.

Nilipokataa kumngoja Kapinga masaa manne, Mzee Saleh alipoteza mkono wake wa kuume, kisha maneno yake, kisha siku alizokuwa bado nazo. Mimi nilipoteza chumba changu na heshima ya mtu niliyepaswa kumlea. Nilipata neno nililolitaka maisha yangu yote, kwa udanganyifu, kutoka kwa mtu pekee ambaye sifa yake nilikuwa naitaka; na aliishi mpaka akajua kwamba nililiiba. Alikufa akijua kwamba sikungoja maji yapate moto.